Kusoma na Kuandika kwa Kupishana: Kutoka Masijala hadi Kanzidata

Neno "kufunga" lina kazi nyingi mno katika Kiswahili. Mlango hufungwa, mzigo hufungwa, ndoa hufungwa, mkutano hufungwa, mhalifu hufungwa, bao hufungwa, na mwezi wa Ramadhani ukiandama waumini hufunga. Juu ya kazi hizo zote, katika miaka ya karibuni neno hili limetwikwa nyingine: kueleza hali ya kanzidata ambayo mmoja anaiandika huku mwenzake akingojea zamu. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mzigo huo ulivyotwikwa, madhara yaliyotokea, na maneno ambayo kwa maoni yetu yalikuwa yakitungoja siku nyingi katika masijala za ofisi zetu na katika nyumba za uswahilini. Hatuandiki kama mahakimu, maana sisi wenyewe tumo katika hao waliokosea.

Tuanze na kosa lenyewe. Zahanati moja ya Temeke, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ilikuwa ikitunza hesabu zake katika kompyuta moja yenye programu mbili: moja ya mapokezi, nyingine ya dawa. Programu zote mbili zilisoma na kuandika katika kanzidata moja. Sisi tuliombwa kutafsiri ujumbe unaotokea katika kioo pamoja na kijitabu cha maelezo. Palipokuwa na ujumbe wa kwamba kanzidata imewekewa kufuli kwa muda, tuliandika: "Kanzidata imefungwa." Kadhalika kulikuwa na faili dogo ambalo programu hulifungua kila inapoanza kuandika, ili iweze kurudi nyuma mambo yakiharibika, hilo tuliliita "jarida". Tafsiri zote mbili zilifuata kamusi neno kwa neno, na hakuna miongoni mwetu aliyezitilia shaka.

Siku moja umeme ulikatika katikati ya kuandika. Uliporudi, karani alifungua programu zote mbili kwa mkupuo mmoja. Ya kwanza ilianza kazi yake ya kurudisha mambo mahali pake. Ya pili, ikikuta mwenzake kazini, ikamwandikia karani kwamba kanzidata imefungwa. Karani alielewa Kiswahili barabara. Kilichofungwa kimekwisha, kama duka likifika jioni. Akaizima kompyuta papo hapo kwenye swichi ya ukutani, akaiwasha tena, akachungulia mahali faili zinapokaa, akakuta faili ambalo kijitabu chetu kilimwambia ni jarida. Jarida ni kitu cha kusoma na kuweka kando, akalifuta. Kumbe faili hilo ndilo lililohifadhi kurasa za zamani, kama zilivyokuwa kabla umeme haujakatika. Bila ya hilo, kanzidata ilibaki nusu ya zamani na nusu mpya, na hesabu za dawa hazikukubaliana tena. Siku mbili zilitumika kunakili upya kutoka katika daftari la karatasi, ambalo kwa bahati njema lilikuwa bado halijaachwa.

Karani hakukosea. Alisoma tulichoandika.

Ili kuona mahali tulipopotea, hatuna budi kurudi nyuma kidogo, kabla ya mashine hizi. Kusoma na kuandika kwa watu wengi katika kumbukumbu moja si jambo lililoletwa na kompyuta. Lilikuwapo, na bado lipo, katika masijala. Mwaka 1967 Serikali iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria Na. 27 iliyoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Tangu hapo watumishi wa ofisi walizoea kusema kwa Kiswahili mambo waliyokuwa wakiyatenda siku zote: jalada, dokezo, dokezo sabili, jalada la muda. Maneno haya hayana haya ya ugeni. "Masijala" linatokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa "sajili" na "usajili". "Jalada" limetoka katika neno la ngozi, na "daftari" nalo, ukilifuata nyuma kupitia Uajemi hadi Ugiriki, linaishia katika ngozi. Basi anayeshika jalada mkono mmoja na daftari mkono wa pili ameshika ngozi mbili asizozijua.

Tutazame masijala inavyofanya kazi. Jalada ni moja. Afisa akilihitaji, mtunza masijala humpa, na mahali pake hubaki alama ya kwamba jalada liko kwa fulani. Maafisa wengi wanaweza kukaa masijala wakalisoma jalada lililofunguliwa mezani, bila madhara, mradi wote wanasoma tu. Lakini anayetaka kuingiza dokezo jipya lazima awe peke yake. Wawili wakiandika dokezo kwa pamoja, namba za kurasa zitagongana na hakuna atakayejua lililotangulia. Je, ikiwa jalada halisi halipo na barua ya dharura imefika? Hufunguliwa jalada la muda. Mambo mapya huandikwa humo, na jalada halisi likirudi, yaliyomo katika la muda huhamishiwa kwake kwa mpangilio wake. Mtumishi yeyote aliyewahi kukaa masijala anayajua haya bila kufundishwa kompyuta. Tunaomba msomaji ayaweke akilini, kwa sababu tutakutana nayo tena yakiwa yamevaa nguo nyingine.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. (Tazama, neno lile lile tena, safari hii kwa maana ya kusimika mashine.) Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na amri hiyo haikulegezwa kwa miaka kadhaa. Kwa maoni yetu katazo hilo liliacha alama katika lugha vilevile. Miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya bidii kubwa ya kuunda istilahi. Baraza lilitoa vijitabu vya *Tafsiri Sanifu* na kamati zilikaa kushughulikia maneno ya sayansi, ya utawala na ya masomo ya shule. Lakini mashine isiyokuwapo haiombi jina. Kompyuta zilipokuja kwa wingi baadaye, zilikuta uwanja mtupu, na kila mtu akapanda mbegu yake. Tukapata "kompyuta", tukapata "ngamizi", na wenzetu wa Kenya wakatupa "tarakilishi". Umma ukachagua la kwanza, na sasa si rahisi kuubadilisha.

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa yote kwa Kiswahili katika mradi uliojulikana kama Kilinux. Kazi za namna hiyo zilituzoesha maneno ya orodha za amri: faili, hariri, hifadhi, chapisha, funga. Hapo ndipo mahali penyewe. Katika programu za Kiswahili "Funga" ilishika kiti cha amri ya kumaliza na faili na kuliweka kando. Kufuli lilipofika baadaye, likiomba nalo kitenzi, kiti kilikuwa kimekwisha kukaliwa; sisi tukaliketisha juu ya mapaja ya mwenzake.

Sasa tuitazame kanzidata yenyewe. Kuhusu jina, wapo wanaosema "hifadhidata" na wapo wanaosema "kanzidata". Sisi tunatumia la pili, kwa kuwa "kanzi" ni hazina, na hazina haihifadhi tu bali hutolewa na kuingizwa. Kanzidata tunazosikia habari zake, kama zile za mabenki, huwa na mashine ya pekee inayokaa mahali fulani na kupokea maombi ya watu, mfano wa mtunza masijala aliyekaa dirishani. Lakini iko aina nyingine isiyo na mtunza masijala. Programu yenyewe hubeba ujuzi wa kusoma na kuandika katika faili moja, basi. Hiyo tunaiita kanzidata pachikwa, maana imepachikwa ndani ya programu kama mpini katika jembe.

Iliyo mashuhuri kupita zote ni SQLite. Ilitungwa mwaka 2000 na D. Richard Hipp wa Marekani, alipokuwa akifanya kazi ya programu za manowari. Kanzidata iliyotumika humo ilitegemea mashine ya pekee, na mashine hiyo isipopatikana, programu ya Hipp ndiyo iliyoonekana mbele ya wakubwa kuwa imeshindwa. Akaona ni heri programu isome faili yenyewe, isimtegemee mtu dirishani. Leo kanzidata hiyo imo katika kila simu ya Android, na kwa hiyo imo katika mifuko ya watu wa Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tandale ambao hawajapata kusikia jina lake. Sensa ya Agosti 2022 ilipofanywa kwa vishikwambi, na baadaye vishikwambi hivyo kugawiwa kwa walimu, neno "kishikwambi" lenyewe lilienea nchi nzima katika muda mfupi kuliko istilahi yoyote tunayoikumbuka. Tunalitaja ili kuonyesha kwamba neno husafiri likiwa ndani ya kazi, si ndani ya kijitabu.

Pasipokuwapo mtunza masijala, ni nani atakayezuia waandishi wawili kugongana? Jibu ni makufuli, na toleo la tatu la SQLite, la mwaka 2004, liliyapanga kwa ngazi ambazo mtafsiri hana budi kuzitofautisha. Ngazi ya kwanza ni ya kusoma: wengi wanaweza kuwa nayo kwa pamoja. Ya pili ni ya kutia nia: mmoja ametangaza kwamba ataandika, anaandaa maandishi yake pembeni, lakini wasomaji wanaendelea na wapya wanaruhusiwa kuingia. Ya tatu ni ya kungojea: mwandishi yuko tayari, wasomaji waliomo wanamaliza, ila hakuna mpya anayeingia. Ya nne ni ya pekee: mwandishi yuko peke yake. Ngazi ya tatu ina hekima yake. Bila hiyo, wasomaji wangeweza kupokezana bila kikomo, na mwandishi akafa njaa mlangoni. Tazama basi umaskini wa tafsiri yetu: hali nne, kila moja na adabu yake, sisi tulizikusanya katika neno "imefungwa".

Tunapendekeza majina ya ngazi hizo yawe: kufuli la kusoma, kufuli la nia, kufuli la ngojeo na kufuli la pekee. Nomino "kufuli" haina ubaya. Inaeleweka kuwa ni chombo, na chombo kina mwenye ufunguo. Kitenzi ndicho kilichotuponza.

Mwaka 2006 lilizuka jambo la kache ya pamoja, na chanzo chake kinastahili kusimuliwa kwa kuwa kilianzia katika simu. Kulikuwa na mfumo wa simu ulioitwa Symbian, uliokuwa katika simu nyingi za Nokia zilizopendwa sana hapa kwetu wakati huo. Watengenezaji wake walipata tatizo: orodha ya majina katika simu ilipokuwa ikilinganishwa na orodha ya mahali pengine, kanzidata ya majina iliwekewa kufuli. Simu ikipigwa wakati huo, mfumo haukuweza kuchungulia orodha ili kujua mpigaji ni nani, una picha gani ya kumwonyesha, wala mlio upi wa kumlilia. Simu inaita, na mwenye simu hajui ni mama au ni mdai. Kwa ombi lao ukabuniwa utaratibu wa sehemu mbalimbali za programu moja kutumia kache moja kwa pamoja.

Hapa tusimame kidogo kwa neno "kache". Kache ni nakala za kurasa zilizosomwa karibuni, zilizowekwa karibu ili zisifuatwe tena mbali. Wapo waliopendekeza "akiba". Sisi hatukubali. Akiba ni kitu unachojinyima ili kikufae kesho, na ikipotea umepata hasara. Kache ikitupwa hakuna kilichopotea, kwa kuwa asili yake iko palepale katika faili. Kilichopotea ni muda wa kuifuata tena. Mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba "akiba imefutwa", watashika vichwa. Basi heri tukope neno "kache", tulipe ngeli ya I-ZI, na tuendelee na kazi. Kukopa si aibu. Tuliposema "daftari" tulikopa.

Na kache ya pamoja ielezweje? Mfano uko uani. Nyumba ya Kiswahili ya Temeke au Kinondoni, ile yenye vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati na ua nyuma, huwa na wapangaji wengi. Kila mpangaji anaweza kuwa na pipa lake la maji chumbani, na nyumba ikajaa mapipa. Au wapangaji wote wakawa na pipa moja uani. Pipa moja huokoa nafasi na huokoa safari za bombani, maana kwa watu wa bombani nyumba nzima imekuwa mteja mmoja. Ndivyo kache ya pamoja ilivyo: kumbukumbu ya mashine huokolewa, faili husomwa mara chache, na ukitazama kutoka nje, wote wanaotumia kache hiyo wanaonekana kuwa ni mtu mmoja. Lakini ugomvi haukuisha, umehamia ndani. Uani nako kuna zamu. Kufuli sasa si la kanzidata nzima bali la jedwali moja moja: wenzako wakilisoma jedwali, wewe huwezi kuliandika, wewe ukiliandika, wao hawawezi kulisoma, na katika kache hiyo muamala wa kuandika ni mmoja tu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kuna kungojea kwa namna mbili. Namna ya kwanza, anayekuzuia yuko nje ya kache yako: ni jirani. Programu inaweza kuagizwa isubiri muda fulani na kujaribu tena, na mara nyingi jirani atakuwa amemaliza. Namna ya pili, anayekuzuia yumo ndani ya kache ile ile: ni mpangaji mwenzako. Hapo agizo la kusubiri halifanyi kazi. Kosa hurudishwa papo hapo, na ni juu ya mtunga programu kulishughulikia kwa njia nyingine. SQLite hutoa namba mbili mbalimbali za makosa kwa hali hizi mbili. Katika Kiingereza maneno ya ujumbe wake yanakaribiana, tofauti ikiwa ni kutajwa au kutotajwa jedwali. Nasi tukalidondosha jedwali, tukaona ni urembo. Mafundi wawili wa programu, wasomaji wa tafsiri zetu, wametueleza kwamba waliongeza muda wa kusubiri mara mbili na mara tatu kwa kosa ambalo kusubiri hakuliponyi.

Liko jambo jingine katika kache ya pamoja ambalo mtumishi wa ofisi atalitambua mara moja. Msomaji anaweza kuomba ruhusa ya kusoma bila kujali kufuli la jedwali, na hivyo akaona maandishi ya mwenzake ambayo bado hayajathibitishwa. Tafsiri ya neno kwa neno hutoa maneno marefu yasiyoshikika. Sisi tunasema: kusoma rasimu. Nani katika utumishi hajapata kusikia habari za barua ya uhamisho iliyoonekana juu ya meza ya mpiga chapa kabla ya kutiwa sahihi? Mtu ameanza kufunga mizigo, mkuu wa idara amebadili mawazo, rasimu imechanwa, na aliyeisoma anabaki na habari ya kitu ambacho hakikutokea kamwe. Hatari ya kusoma rasimu katika kanzidata ni hiyo hiyo, haina tofauti hata kidogo.

Mwaka 2010 SQLite ilipata njia nyingine, na leo watunzi wake wanawashauri watu kuitumia hiyo badala ya kache ya pamoja. Mwandishi haandiki tena katika faili kuu. Huandika katika faili la pembeni, mbele kwa mbele, na wasomaji wanaendelea na faili kuu pamoja na sehemu ya la pembeni iliyokuwa imethibitishwa walipoanza kusoma. Msomaji hamzuii mwandishi, wala mwandishi hamzuii msomaji, ingawa waandishi wawili bado lazima wapokezane. Baada ya muda, yaliyomo pembeni huhamishiwa katika faili kuu. Hapa mtafsiri hahitaji kubuni lolote. Ni jalada la muda! Faili la pembeni ndilo jalada la muda, na tendo la kuhamishia ni kuunganisha jalada. Atakayefuta jalada la muda kabla halijaunganishwa, kila mtumishi anajua amefanya nini. Laiti tungaliliita faili lile la zahanati "jalada la kurejea" badala ya "jarida", pengine karani asingaligusa. (Tunasema la kurejea, si la muda, kwa kuwa lile lilihifadhi ya zamani ili programu irudi nyuma, hili la pili huhifadhi mapya ili yaende mbele. Wanafunzi huyachanganya, na walimu wawe macho.)

Limebaki neno gumu kuliko yote: kufanyika kwa mambo mengi katika muda mmoja, yakigusana. Wengi wameandika "sambamba". Lakini mwalimu wa hisabati ataudhika, na ana haki. Mistari sambamba ni ile isiyokutana kamwe, na hapa tunasema habari za kazi ambazo tatizo lake ni kwamba zinakutana. "Sambamba" tulibakize kwa kazi zinazokwenda kila moja katika njia yake.

Neno tunalolipendekeza tulilipata Tandale. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walishirikiana na wakazi wa kata hiyo ya Kinondoni kuchora ramani yake, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliendeleza kazi hiyo katika kata nyingine za Dar es Salaam, hasa kwa sababu ya mafuriko. Wenye kufanya kazi za namna hii siku hizi hujaza fomu kwa simu. Mojawapo ya programu zinazotumika, ODK Collect, huweka orodha ya fomu zake katika SQLite. Simu inapopeleka fomu za jana, mchukua takwimu anajaza ya leo, na zote mbili zinagusa orodha moja. Mwenzetu mmoja aliyetembea katika vichochoro vya huko alituuliza: watu wawili wanapokutana katika kichochoro kisichotosha wawili, wanafanya nini? Wanapishana. Mmoja anajibana ukutani, mwingine anapita. Hakuna aliyezuiwa kutembea, na hakuna aliyepita juu ya mwenzake. Kwa hiyo tunasema: kusoma na kuandika kwa kupishana. Tunajua kwamba "kupishana" lina maana ya kutofautiana vilevile, na ya kukosana njiani. Upungufu huo tunauona mdogo kuliko ule wa "sambamba".

Maneno mengine yalikuja bila jasho. "Muamala" lilikuwa neno la vitabu vya fedha na vya fikihi. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, na zaidi tangu mjadala wa tozo za miamala mwaka 2021, halihitaji maelezo hata kwa muuza mchicha. Nalo linafaa kabisa, kwa kuwa umma unajua kwamba muamala ama umekamilika wote ama haukuwapo. Kuuthibitisha ni kuthibitisha. Kuurudisha nyuma ni kutengua, kama uteuzi unavyotenguliwa. Neno hilo watumishi wanalijua kuliko wanavyopenda.

Kitenzi cha kufuli ndicho kilichotuchosha. Tuliacha "kufunga", tukajaribu "kushika", kwa kuwa masijala husema jalada limeshikwa na fulani. Nomino yake ikawa "mshiko", na vijana wakacheka, maana mjini mshiko ni fedha. Tukasema "ushikaji", wakacheka zaidi, maana huo ni urafiki. Tukajaribu "inashikiliwa", na mwenzetu mmoja akatukumbusha kwamba katika magazeti wanaoshikiliwa wanashikiliwa na polisi. "Imezuiwa" nayo ilionekana kama akaunti ya mwenye kesi. Mwishowe tuliona kwamba tulikuwa tukitafuta kitu kimoja kwa haja mbili. Kitabu cha mwanafunzi kinahitaji istilahi, na humo "kuweka kufuli" na "kuondoa kufuli" yanatosha. Kioo cha karani hakihitaji istilahi, kinahitaji sentensi: nani anafanya nini, na wewe ufanye nini.

Tulirudi zahanati na sentensi tatu mkononi, tukamsomea karani yule yule. Ya kwanza ilikuwa: "Kanzidata imewekewa kufuli la pekee." Alitikisa kichwa. Ya pili: "Kanzidata inatumiwa na programu nyingine kwa sasa, tafadhali subiri." Alisema inaeleweka, ila ni ndefu na wagonjwa wamesimama. Ya tatu hatukuwahi kuisoma. "Kwa nini msiandike tu kwamba kuna foleni?" akauliza.

Ujumbe wa programu ya zahanati hiyo sasa husema: "Foleni. Programu ya dawa inaandika." Na pale ambapo kizuizi ni jedwali katika kache ya pamoja, fundi ameandikiwa sentensi yake ya pekee, inayotaja jina la jedwali na kumwonya kwamba kusubiri hakutasaidia.